Bukari haikutoka mezani: jinsi nilivyopunguza uzito nyumbani kwangu Lubumbashi

Kwetu Lubumbashi, Kongo, mtu ambaye hajala bukari, yaani ugali, hajala. Mpe wali, viazi, mkate na nyama. Akishamaliza atauliza chakula kitaletwa saa ngapi. Naanza na hilo kwa sababu mashauri mengi ya kupunguza uzito yanayozunguka kwenye simu zetu yanatoka kwa watu ambao hawajawahi kusonga bukari, wala kuketi sahani moja na mama mkwe aliyeisonga. Wanasema uache wanga, basi. Mimi nimeshuka kutoka kilo 90 hadi 77 kwa muda unaokaribia mwaka mmoja na nusu, na ukiondoa jaribio fupi la mwanzo nitakalolieleza, bukari haikutoka mezani kwangu hata wiki moja. Ilipungua tu. Naandika namna ilivyopungua, kilichoingia mahali pake, gharama yake, na maneno ya watu, ambayo kwangu yalikuwa mazito kuliko njaa yenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Katuba, nina watoto wanne. Bwana wangu anafanya kazi Likasi na huja nyumbani mwisho wa wiki. Mama yake tunaishi naye. Nilikwenda kituo cha afya nikiwa na miaka 44, kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kikiniuma kila asubuhi na magoti yaliyokuwa yakilalamika nikipanda ngazi za shule. Presha ilikuwa 158 kwa 96. Wakairudia siku nyingine, ikabaki juu ya 140 kwa 90, mpaka ambao madaktari wanahesabu kuwa ni ugonjwa. Sukari kabla ya kula ilikuwa miligramu 116 kwa desilita. Munganga, yaani daktari, alinieleza kwa upole kwamba kisukari huhesabiwa kuanzia 126, kwa hiyo sijafika, ila niko njiani na njia yenyewe ni fupi. Kwa urefu wangu wa mita 1,63, kilo 90 zinaingia katika kundi la unene wa kupindukia. Akaniandikia dawa ya presha, akasema: "Mama, dawa itashika presha. Uzito utaushika wewe mwenyewe, jikoni."

Jikoni palikuwa pale pale, lakini sikujua pa kuanzia. Mtaani njia zilikuwa tele. Jirani yangu mmoja alikuwa akinywa chai ya kupunguza tumbo, ile inayouzwa kwa paketi sokoni. Aliharisha wiki nzima akafurahi kwa sababu mizani ilishuka. Chai nyingi za aina hiyo zina sanamaki, ambayo wazee wetu waliitumia kwa mtu aliyefunga choo. Inatoa maji na choo, mafuta ya mwilini haiyagusi. Alipoacha kuinywa kilo zote zikarudi, na tumbo lake likachukua muda mrefu kukaa sawa.

Mimi nilijaribu kwanza kuacha wanga kabisa: bila bukari, bila mkate, bila viazi, bila maharagi. Wiki ya kwanza mizani ilishuka kilo tatu na nikaamini nimepata siri. Nikawa nasimama mbele ya darasa miguu inatetemeka, kichwa kinagonga, nawajibu watoto kwa ukali wasiostahili. Baadaye munganga alinieleza kilichotokea. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji mengi. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika na maji yanatoka kwa mkojo pamoja na chumvi. Ndiyo sababu ya kichwa na ulegevu, na ndiyo sababu zile kilo tatu hazikuwa mafuta. Nilipokula kawaida siku ya ubatizo wa mtoto wa dada yangu, zilirudi karibu zote. Kama na wewe umepitia hapo ukakata tamaa, jua kwamba haukushindwa chochote. Maji yaliondoka, maji yakarudi.

Tulichokubaliana na munganga ni wanga wa kiasi: gramu kama 130 kwa siku, wakati mwingine 150. Hizo ni namba. Sisi hatuli namba, tunakula bukari, kwa hiyo ilibidi nizitafsiri kwa mkono wangu. Niliazima mizani ya jikoni kwa mama mmoja wa kanisa letu anayeoka keki za arusi. Nikagundua kwamba kilo moja ya unga wa mahindi, kwa jinsi tunavyosonga nyumbani, inatoa bukari ya karibu kilo tatu. Unga mkavu wa mahindi una gramu kama 75 za wanga kwa kila gramu 100, kwa hiyo bukari iliyoiva inabaki na gramu kama 25. Halafu nikaupima mlo wangu wa kawaida wa mchana. Ulikuwa gramu 700. Mlo mmoja tu, wanga gramu 175 au zaidi, kabla ya kuhesabu vitumbua vya asubuhi, sukari ya chai, na bukari nyingine ya usiku.

Nilikaa na namba hiyo nikamkumbuka kambo yangu, yaani babu. Alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, kabla haijataifishwa na kugeuka Gécamines, na kampuni iliwapa wafanyakazi posho ya unga. Alirudi na unga wake, kambo mwanamke akasonga bonge kubwa, naye akalimaliza kwa haki, kwa sababu kesho yake alikuwa anashika sururu na sepeto kutwa. Bonge lile tumelirithi sisi. Sururu hatukuirithi. Mimi nashika chaki, jioni nakaa kwenye kiti nasahihisha madaftari, na bado nilikuwa nakula chakula cha mtu wa mgodini. Sikuona sababu ya kujichukia wala kuilaumu bukari. Niliona sababu ya kuipima.

Bukari ya ukubwa wa ngumi yangu, iliyoshikamana vizuri, ni gramu kama 200, yaani wanga kama gramu 50. Ngumi moja mchana, nusu ngumi usiku. Kanuni yangu yote ni hiyo, na baada ya mwezi wa kwanza sikuihitaji mizani tena. Angalia jambo moja tu: unga wa mihogo ukichanganywa na wa mahindi, kama tunavyofanya wengi unga ukipanda bei, haupunguzi wanga. Muhogo una wanga mwingi kama mahindi au kuyazidi, na protini yake ni kidogo sana. Bukari ya kuchanganya inashibisha kwa haraka kisha njaa inarudi mapema.

Tatizo halikuwa ngumi. Tatizo lilikuwa sahani. Nyumbani kwetu tunakula sahani moja, kila mtu anamega upande wake, na mtu anayemega kwenye sahani ya pamoja hawezi kujua amemega kiasi gani. Nilipoleta sahani yangu pekee, mama mkwe aliacha kula.

"Mama Naomi, sasa unatutenga?"

"Hapana, mama. Munganga amesema nipime chakula. Nikimega pamoja nanyi sitajua nimefika wapi."

"Sisi tulimega pamoja maisha yetu yote."

"Ni kweli, mama. Na mimi nataka kuendelea kuketi hapa nanyi miaka mingi."

Alinyamaza siku kadhaa. Lililotuokoa ni kwamba nilimwomba yeye ndiye anipimie. Nilimwonyesha ngumi, nikamwambia, "Mama, nisaidie, nikijipimia mimi mwenyewe nitajiongezea." Tangu hapo bukari yangu inatoka mkononi mwake, na mtoto au mgeni akitaka kunisukumia kipande cha pili yeye ndiye anayemkataza. Kama unaishi na wakubwa wako, usifanye jambo hili kwa siri wala kwa ubishi. Mpe mkubwa kazi ndani yake. Kwangu ilifaa kuliko maelezo yote ya wanga na sukari.

Sasa, ukiondoa gramu 500 za bukari kwenye mlo usiweke kitu, utakuwa na njaa saa tisa na saa kumi utakuwa unanunua vitumbua kwa mama wa kona. Nafasi ile lazima ijae. Kwangu ilijaa kwa majani na samaki. Zamani nilinunua mafungu mawili ya lengalenga, yaani mchicha, kwa nyumba nzima, na mboga ilikuwa kitu cha kutelezeshea bukari. Siku hizi nanunua matano au sita, kwa sababu majani yakiiva yanasinyaa, na nusu ya sahani yangu ni majani matupu. Lengalenga, majani ya viazi vitamu, majani ya maboga, kabichi, biringanya, mulenda. Wakati wa mvua, uyoga wa msituni tunaouita bowa unauzwa kandokando ya barabara zinazoingia mjini, na huo kwangu ni sikukuu: wanga kidogo sana, na ukiupika na nyanya na kitunguu unatafunika kama nyama. Nunua kwa mtu anayeujua tu. Uyoga wa sumu huua.

Sombe inataka maneno yake. Majani ya muhogo ni chakula kizuri, yana protini kuliko majani mengi, ila yakiwa mabichi yana sumu, ndiyo maana mama zetu walitufundisha kuyatwanga na kuyachemsha muda mrefu bila kufunika sufuria mwanzoni. Usifupishe hapo kwa ajili ya kubana makala, yaani makaa. Kinachonenepesha kwenye sombe ni kile tunachomiminia. Siku moja, badala ya kumimina mawese kutoka kwenye chupa, nilimimina kwa kijiko nikihesabu, nikipika kama kawaida. Nilifika vijiko 14 vya mezani kwa sufuria moja. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta yoyote, mawese, ya alizeti au ya karanga, kina kalori kama 120. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Kwa hiyo mtu anayesema "nimeacha bukari lakini sipungui" aangalie chupa ya mafuta kwanza. Sasa naweka vijiko vinne kwa sufuria ya watu saba, na nikiweka karanga za kutwanga siweki mafuta kabisa, kwa kuwa karanga zimekuja na yake. Wiki za kwanza watoto walisema sombe ni kavu. Nikaongeza kitunguu, vitunguu saumu, pilipili mbuzi na samaki mkavu kidogo kwa harufu, wakaacha kusema.

Kwa upande wa samaki tuna bahati. Wa Kapolowe na wa Kasenga wanafika mjini, wabichi na wakavu. Ndagala wakavu nawaosha kwa maji ya vuguvugu mara mbili kutoa mchanga na chumvi, nawaanika dakika chache, nawakaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta hadi wakauke, halafu nyanya. Thomson, yule samaki wa barafu anayeliwa mji mzima, ana mafuta yake mwenyewe. Kumkaanga kwenye mafuta mengine ni kuongeza juu ya kilichopo. Namkata, ndimu, chumvi kidogo, nampika na nyanya nyingi kwenye sufuria iliyofunikwa, moto wa mbabula, jiko la makaa, ukiwa umepungua. Viwavi vikavu pia, kwa anayevila, ni protini nyingi kuliko nyama kwa uzito uleule. Nyama ya ng'ombe tunakula mara chache, kwa sababu ya pesa.

Maharagi yana wanga, wengi hawajui. Lakini wanga wake unakuja na nyuzinyuzi na protini, unaingia kwenye damu polepole, na mimi nikila maharagi mchana sisikii njaa hadi usiku. Siku ya maharagi napunguza bukari hadi nusu ngumi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, ndipo uchemshe. Yanaiva upesi, makala yanabaki, na tumbo halijai hewa.

Asubuhi ilikuwa ngumu kuliko mchana. Chai yangu ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, pamoja na vitumbua vya kona, ambavyo kwetu ni unga wa ngano, sukari na mafuta kwa pamoja. Sukari niliishusha kijiko kimoja kila baada ya wiki chache. Sasa naweka nusu kijiko, na chai ya watu wengine naiona tamu mno. Badala ya vitumbua nakula mayai mawili na nyanya, au maharagi ya jana, au nusu avoka na chumvi kidogo. Avoka lina mafuta mengi, lakini linashibisha na wanga wake ni kidogo. Maembe ni jambo jingine. Mwezi wa kumi na mbili yanapojaa kila mahali kwa bei ya bure, embe moja kwa siku linatosha. Mimi nilikuwa nakula ndoo. Soda niliiacha kabisa, na kama kuna kitu kimoja tu mtu anaweza kufanya bila kugombana na yeyote nyumbani kwake, ni hicho: chupa ndogo moja ina sukari ya gramu kama 35, haishibishi hata kidogo.

Nisifiche upande wa pesa. Watu wanasema kula hivi ni kwa matajiri, wengine wanasema ni bure. Kwangu matumizi ya jikoni yalipanda, labda sehemu moja ya tano. Unga tulipunguza, na hilo lilisaidia sana miezi ile ambayo meka, kipimo cha unga sokoni, ilipanda bei, maana mji huu unategemea mahindi yanayopita mpakani Kasumbalesa, na Zambia ikizuia kuuza nje tunasikia sokoni mara moja. Lakini mayai na samaki ni ghali kuliko unga, hakuna hesabu itakayobadilisha hilo. Nilichofanya: pesa ya soda na vitumbua niliihamishia kwenye mayai. Samaki tunanunua katoni moja wamama watatu tunagawana. Na uani, kwenye magunia yaliyojaa udongo, nimepanda lengalenga na vitunguu vya majani, namwagilia maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni. Mwezi ambao mshahara umechelewa, tunakula maharagi na majani, na bukari yangu inapanda hadi ngumi moja na nusu. Sioni aibu. Mwezi unapita.

Watoto hawakuingia kwenye hesabu hii, na naomba usiwaingize wako. Wanakua, wanacheza mpira kutwa, wanahitaji bukari yao. Walichopata ni mboga zaidi na soda ya sikukuu tu. Vivyo hivyo mwenye mimba, anayenyonyesha, au mwenye ugonjwa wa figo: huyo aende kwa munganga, asifuate sahani yangu.

Maneno ya watu yalianza nilipofika kilo 83 hivi, nguo zilipoanza kulegea. Hapa kwetu mwanamke akinona ni sifa ya bwana wake. Akikonda, mtaa unatafuta sababu, na sababu hazikosekani: bwana hatumi pesa, huko Likasi amepata mwingine, au ana kifua kikuu, au ule ugonjwa mwingine ambao hawautaji kwa jina. Mwalimu mwenzangu alinivuta pembeni akaniuliza kama nimepima. Nililia usiku ule. Nilikuwa na furaha ya mwili wangu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, magoti yamenyamaza, napanda ngazi bila kushika ukuta, na watu wananiangalia kama mgonjwa. Bwana wangu alipokuja nilimweleza. Jumapili ile baada ya ibada alinishika mkono, akasalimia watu mmoja mmoja, na kila aliyeuliza alimjibu mwenyewe: "Munganga amemshauri apunguze kwa ajili ya presha, na mimi namsaidia." Baada ya hapo maneno yalipungua sana. Sikumwomba. Kama mwenzio anapitia jambo hili, usingoje akuombe. Sema mbele za watu kwamba unajua na unakubali. Na kwako unayepungua, andaa jibu fupi la ukweli mapema. "Nina presha" inatosha. Watu wakipata sababu wanayoielewa wanaacha kutafuta nyingine.

Sherehe nilizimudu. Kwenye arusi kuna michopo, na nyama ya mbuzi ya kuchoma haina wanga. Nakula hiyo na kachumbari, naacha ndizi na mkate. Bia nakunywa moja nikinywa, maana chupa kubwa ina kalori zinazokaribia 300, halafu inafungua hamu ya kila kitu. Ibada ngumu kwangu ni kilio. Unakesha kwa wafiwa, baridi ya mwezi wa saba inakuingia hadi kwenye mifupa, chai yenye sukari nyingi na mkate vinapita usiku kucha, na kukataa kikombe cha mfiwa si adabu. Sikatai. Nakunywa chai yao, mkate naacha. Kesho yake sijifungi njaa kulipa, kwa sababu nilijaribu kulipa na jioni yake nilikula maradufu. Narudi kwenye ngumi yangu kama vile hakukutokea kitu.

Baridi yenyewe ni adui. Kuanzia mwezi wa sita asubuhi za Lubumbashi zinauma, na mtu anataka uji wa moto na bukari ya moto, hatamani majani. Wakati huo napika mchuzi mwepesi, mifupa au samaki na kabichi na karoti, nakunywa bakuli zima kabla ya kugusa kitu kingine. Tumbo likishapata moto, ngumi moja inatosha.

Kuna miezi mizani ilisimama. Miezi miwili mizima, 82, 82, 82. Nilidhani nimefika mwisho wa mwili wangu. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo kuliko mzito, kwa hiyo chakula kilichonipunguza nikiwa na kilo 90 kilikuwa kinanitosha tu nikiwa na 82. Ya pili ilikuwa karanga. Karanga hazina wanga mwingi, kwa hiyo nilizila bila woga nikisahihisha madaftari. Gramu 100 za karanga za kukaanga zina karibu kalori 600. Nilianza kuzipima kwa kiganja, kiganja kimoja kwa siku, na nikaanza kwenda shuleni kwa miguu badala ya kupanda pikipiki, dakika 40 kwenda, 40 kurudi. Mizani ikaanza kushuka tena, polepole: kilo moja kwa mwezi, wakati mwingine nusu. Mwendo wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndio unaosemwa kuwa salama, mimi nilikuwa chini ya hapo na sikulalamika. Kwenye miezi ambayo mizani haisemi kitu, tumia kamba kiunoni. Yangu ilitoka sentimita 108 hadi 93, na wiki kadhaa kamba ilisogea wakati mizani imelala. Kwa mwanamke hatari ya moyo na sukari huhesabiwa kubwa kiuno kikipita 88, kwa hiyo bado nina njia.

Kitu ambacho sikutegemea kilikuwa choo kigumu wiki za mwanzo, kabla majani hayajaongezeka vya kutosha. Maji zaidi na mboga zaidi vilitosha. Chumvi, kwa kuwa nina presha, sikuiongeza, na vile vipande vya mchuzi vya kununua nilivitoa jikoni, maana vimejaa chumvi.

Vipimo vya mwisho: presha 128 kwa 82, sukari kabla ya kula 98. Kwa kilo 77 bado nahesabiwa mnene kidogo, na sijaamua kama nitaendelea au nitabaki hapa.

Jambo la dawa ndilo ninalotaka usome kwa makini hata kama mengine umeyapitia haraka. Nilipofika kilo 80 nilianza kuona kizunguzungu nikisimama ghafla. Presha yangu ilikuwa imeshuka, lakini dozi ya dawa ilibaki ileile ya mtu wa kilo 90. Munganga akaikata nusu, kizunguzungu kikaisha. Mimi nilikuwa kwenye dawa ya presha peke yake. Mama mkwe ana kisukari, anameza glibenclamide, na aliponiona napungua alitaka naye kupunguza bukari siku hiyohiyo. Nilimzuia hadi tulipokwenda pamoja kituoni, kwa sababu dawa ile inasukuma sukari chini bila kujali umekula nini. Ukipunguza wanga na usipopunguza dawa, sukari inaweza kuanguka kupita kiasi, na kwa anayechoma insulini hatari ni ileile. Munganga alimpunguzia kidonge kwanza, ndipo bukari ikapungua, kidogo kidogo, huku tukipima sukari asubuhi na jioni kwa wiki za mwanzo. Nyumba nzima tumejifunza dalili: jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyikana. Akiziona anakunywa mara moja maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, tunapima baada ya dakika 15, na kama bado iko chini anakunywa tena. Akiwa hana fahamu usimnyweshe kitu, maji yataingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu na mpeleke hospitali hapo hapo, usiku au mchana.